Chumba cha kulala kwenye nyumba ya mawe: kabla hamjanunua rangi, tafuteni maji yanapotokea

Kama wewe na mwenzio mmepewa chumba kwenye nyumba ya zamani ya familia, zile za mawe na chokaa za Mji Mkongwe Unguja, au Mji wa Kale Mombasa, Lamu, Bagamoyo kote huko, na mmeamua mtakitengeneza wenyewe kwa mikono yenu mana hela ya fundi wa kila kitu hakuna, basi nakuombeni sana msianze na rangi. Najua ndo kitu kinachovutia, unaona picha kwenye simu chumba cheupe kimetulia unasema na sie tutapaka hivo hivo wikiendi hii. Kwenye nyumba hizi ukipaka rangi ukuta ambao una maji ndani yake, masika ikija tu yote inavimba na kubanduka, hela imekwenda na moyo umevunjika.

Sie chumba chetu kipo ghorofa ya kwanza, nyumba ya bibi yake mume wangu upande wa mama, mitaa ya Mkunazini, Mji Mkongwe. Tulifanya kazi jioni tukitoka kazini na siku za mapumziko, tukilala chumba cha mamkwe muda wote huo, na sahivi tumehamia, hakuna harufu ya uvundo, nguo kabatini hazioti ukungu, na mie hicho ndo kipimo changu cha chumba kizuri.

Kwanza mjue ukuta wenu umejengwa na nini. Kuta za nyumba hizi ni nene, nusu mita na zaidi, mawe ya matumbawe yamepangwa na udongo na chokaa, alafu juu imepigwa plasta ya chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vitundu, linanyonya maji, na chokaa nayo inanyonya na kuyatoa, kwa hiyo mvua ikinyesha ukuta unalowa, jua na upepo vikija unakauka, miaka na miaka hivo hivo. Sasa miaka ya karibuni watu wakaleta simenti. Simenti ni ngumu, maji yakishaingia nyuma yake (na yataingia tu, juu kwenye paa au kwenye ufa) hayana pa kutokea, yanakaa humo, chumvi inajikusanya, inasaga jiwe pole pole mpaka linakuwa unga. Kwa nje unaona ukuta mgumu kabisa. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole unasikia sauti ya uwazi, hapo ujue plasta imeshaachana na jiwe.

Chumba chetu kilikuwa na simenti upande wote wa nje, alipiga mpangaji wa zamani, juu yake rangi ya mafuta. Tulivochukua tindo na nyundo na kuanza kubandua ilitoka mabamba mabamba, na nyuma yake kulikuwa kumelowa, mchanga mbichi unamwagika wenyewe na jiwe ukilishika linakuachia unga mweupe vidoleni, ukionja ni chumvi tupu.

Lakini kabla ya tindo kuna kazi ya kutafuta maji, na hapa ndo nataka mkae hasa. Chukueni kalamu ya risasi, chorea pale unyevu unapoishia ukutani, andika tarehe pembeni. Mvua ikinyesha rudi uangalie, mstari umepanda au umebaki? Alafu mvua ikiwa kubwa mmoja akae ndani mmoja atoke nje na mwavuli akatazame ukuta kwa nje, maji yanapita wapi. Kwetu yalikuwa yanatoka sehemu mbili, bomba la maji ya paa lilipasuka nyuma ya mti uliojiotea ukutani, na AC ya jirani ilikuwa inadondosha maji mchana kutwa kwenye ukuta wetu wa nje. Ya AC tuliongea nae vizuri, mpira ukarefushwa ukashuka mpaka chini, basi yamekwisha. Bomba tukabadilisha. Ule mti msiung'oe kwa nguvu, mizizi imeshika mawe, kateni chini mtie dawa ufe kwanza. Wenye chumba cha chini wana jambo lao la ziada, maji yanapanda kutoka ardhini, na hapo sakafu ya zege au vigae ndani inayasukumia ukutani zaidi. Na choo au bafu lililopo juu yenu au ubavuni kwenu liangalieni kwa macho mawili mana bafu linalovuja limeua nyumba nyingi kuliko mvua.

Jambo la kibali nalitaja haraka lakini msilipite. Mji Mkongwe upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, nendeni mkaulize kabla hamjagusa, khasa dirisha, mlango, ukuta wa nje na paa. Nyumba ikiwa ya familia nzima pia kaeni na ndugu kwanza, mtu asije akasikia nyundo akadhani mnavunja urithi wake.

Baada ya kubandua simenti, acheni ukuta ukauke. Wiki, na wiki, na wiki. Hapa ndo wengi mnagombana, mmoja anataka kumaliza mwengine anasema bado. Fungueni madirisha, washeni feni, brashini ile chumvi inayotoka kila baada ya siku chache kwa brashi kavu na muikusanye mtoe nje, msiioshe kwa maji mana itarudi ndani. Sie kwenye kusubiri huku ndo tukagundua kidaka, kile kishubaka cha kuwekea vitu ndani ya ukuta. Pembeni mwa dirisha kulikuwa na sehemu imejazwa vifusi na mawe mabovu, mume wangu akatoa jiwe moja, la pili, mkono ukaingia mpaka kiwiko, na kule ndani plasta ya zamani bado ipo, laini, kona zake zimepigwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi yake, haina hata ufa. Hiyo plasta ilikuwa na umri mkubwa kuliko bibi. Tukaisafisha tu kwa brashi laini, sahivi kuna msahafu na taa ndogo. Kwa hiyo bandueni taratibu, tindo mlilaze, msipige moja kwa moja kuelekea jiwe, na pale penye chokaa ya zamani iliyoshika vizuri iacheni, haina haja ya kutolewa.

Sasa chokaa yenyewe. Mtaenda kwa fundi atakwambieni "tia simenti kidogo tu ishike". Kila fundi wa siku hizi atakwambieni hivo. Msikubali. Tulimpata mzee mmoja aliyefanya kazi hizi ujana wake, akaja jioni mbili tatu kutuonesha, akakataa kabisa kuona mfuko wa simenti karibu na karai letu, akasema "wanangu, chokaa inataka mtu mwenye subira, aliyekuwa hana aende akajenge matofali." Mtafuteni mtu kama huyo, mlipeni, hata kama kazi mnafanya wenyewe ile kumuona anavyoshika mwiko ni somo.

Chokaa ikishachomwa na kuzimwa kwa maji inatakiwa ikae imezama kwenye pipa au shimo, kadri inavyokaa ndo inavyokuwa laini na kunata, miezi ikiwezekana. Msizime chokaa mbichi wenyewe kama hamjawahi kufundishwa, inachemka na kuruka, inaunguza ngozi na macho, nunueni iliyokwisha kuzimwa. Hata hiyo vaeni glavu na miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Mchanga uwe wa bara, uliochekechwa, sio wa pwani, mana wa pwani unarudisha ile ile chumvi mliyohangaika kuitoa. Kipimo chetu kilikuwa chokaa moja mchanga tatu. Changanyeni sana, alafu mkidhani imetosha changanyeni tena, ukiona ni kavu usikimbilie maji, piga kwa mwiko kwanza itajilainisha.

Ukuta uloweshwe kabla, sio kidogo, jiwe likiwa kavu linanyonya maji yote ya plasta na plasta inakufa. Mashimo makubwa jazeni kwa vijiwe na chokaa, msijaze plasta tupu. Alafu piga tabaka nyembamba, sentimita moja hivi, likwaruze, liache lishike siku kadhaa, ndo mpige la pili. Chokaa haigandi kama simenti, inashika kwa kuvuta hewa ya kaboni pole pole, na inataka unyevu ikiwa inafanya hivo, ndo mana sie tulitundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na kunyunyiza maji asubuhi kabla ya kazi na usiku. Kipupwe ni wakati mzuri kwa sababu hiyo, masika imekwisha na jua sio kali. Wakati wa kaskazi joto linakausha plasta upesi inapasuka. Mkiona nyufa ndogo siku ya pili msiogope, nyunyizeni maji mkandamize kwa ubao, zinafunga.

Mwisho ni kupaka, na hapo napo tumieni chokaa, nyepesi kama maziwa, mara nne tano, kila mara ikauke. Mkono wa kwanza utaona haijapaka kitu kabisa, inakaa kijivujivu, unakata tamaa. Subiri ikauke. Inakuwa nyeupe ambayo rangi ya kopo haifiki, asubuhi mwanga wa dirisha ukiingia chumba kizima kinawaka. Mkitaka rangi changanyeni rangi ya unga inayostahimili chokaa, mjaribu kwanza nyuma ya mlango.

Vitu ambavyo msifanye wenyewe. Boriti ni cha kwanza. Dari na sakafu za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, vichwa vyake vimeingia ndani ya ukuta, na pale pale kichwani ndo panapooza ukuta ukiwa na maji. Chukua bisibisi uchome karibu na ukuta, ikizama kwa urahisi simamisheni kazi, wekeni nguzo za kushikilia na mwiteni anayejua. Sote tuliona Disemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al Ajaib hapa Mji Mkongwe ilivyoporomoka, jengo la 1883, watu wawili wakafariki, kwa hiyo nyumba ya zamani ikikuonesha dalili isikilizeni.

La pili ni kumwaga zege na kuweka vigae ghorofani. Hili linaniuma kwa kweli. Zege la sentimita tano tu ni kama kilo 120 kwa kila mita mraba, chumba cha mita tatu kwa tano hapo umepandisha kilo 1,800, karibu tani mbili, juu ya miti iliyokuwepo kabla hatujazaliwa, alafu bado hujaweka vigae, kitanda, kabati na watu. Sie sakafu tumeziba nyufa kwa chokaa, tumesugua, tumetandika mkeka na zulia jepesi, inatosha na miguu inapoa.

La tatu umeme. Waya za zamani zitolewe zote na fundi mwenye leseni, zipite ndani ya mabomba ya plastiki juu ya ukuta, msichimbe mifereji kwenye plasta mpya. Na milango na madirisha ya mbao yenye rangi ya zamani ya mafuta msipige msasa mkavu, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi (lead), vumbi lake ni sumu khasa kwa watoto na mama mjamzito, lowesheni, vaeni barakoa, na kama mke ana mimba kazi hiyo asikaribie kabisa, mume afanye na mwanamke akae nyumba nyengine siku hizo.

Kuhusu nyinyi wawili nina haya tu. Hela wekeni chungu kimoja tangu mwanzo na kila risiti iandikwe, mana vitu vidogo vidogo, glavu, brashi, teksi ya mchanga, ndo vinavyoleta maneno. Maamuzi fanyeni mkiwa mmekaa mnakunywa chai, sio mmoja yupo juu ya ngazi na mwiko mkononi. Na kila mtu apewe kazi anayoiweza, mume wangu ana mikono ya kuchanganya na kubeba, mie nina jicho la kusawazisha, akaniachia kona zote, na watu wa nyumbani walivyoshangaa mwanamke anapiga plasta alijibu yeye kabla sijafungua mdomo, "kona zake zimenyooka kuliko zangu." Hiyo ilinipa nguvu ya kumaliza ukuta wa pili.

Mkishahamia, kitanda na kabati zisigusane na ukuta wa nje, acheni nafasi ya kiganja hewa ipite. Vyumba hivi ni vyembamba, karibu mita tatu, mana ndo urefu wa boriti, kwa hiyo sita kwa sita inakula chumba, sie tumechukua tano kwa sita tukapata njia ya kupita hadi dirishani. Kabati liwe la mbao kamili, zile za mbao za kubandikwa zinavimba hapa pwani. Madirisha ya mbao msiyatoe mkaweka vioo vya alumini, yale mabapa yake yanaleta upepo usiku hata umeme ukikatika.

Na kila mwaka masika ikimalizika zungukeni ukuta na kalamu ile ile ya risasi, safisheni bomba la paa majani, pakeni mkono mmoja wa chokaa pale palipofifia. Ni kazi ya asubuhi moja.