Nusu kidonge

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 14, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Hatembei. Nilikuwa nauza mahamri na mbaazi alfajiri, lakini tangu awe mzito nimeacha. Siwezi kumbeba wala kumwacha peke yake. Tunategemea zile elfu mbili za mwezi za serikali, na sasa ni miezi mitano hazijaingia. Nikienda ofisini naambiwa, “Bajeti imekatwa, mama, ngoja ujumbe kwenye simu.” Daipa sinunui tena, namfunga vipande vya kanga kuukuu. Dawa nampa nusu kidonge badala ya kizima, zifike mwisho wa mwezi. Nifanyeje?
Mama, Kilifi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na kidonge, ya ofisini yatangoja. Dawa ya kifafa haipunguzwi kwa kukisia. Ikishuka ghafla, kifafa hurudi, na pengine kikaja kile kisichokatika mpaka alazwe. Kesho nenda kliniki useme ukweli: bei imenishinda. Huenda ipo dawa ya bei ya chini, ila kubadilisha ni kazi ya daktari, si yangu wala yako. Na usione haya. Mama yangu alimlea mdogo wangu hivyo hivyo. Akiulizwa habari ya dawa hujibu “anakunywa vizuri”, na chupa kavu iko kabatini.

Sasa pesa. Sh2,000 za Inua Jamii ni zile zile kwa zaidi ya miaka 10, na unga haukuzisubiri. Wanaokata bajeti huhesabu walichookoa. Mahamri yako hayamo kwenye hesabu hiyo, wala kiuno chako.

Hilo la “ngoja ujumbe” usilikubali. Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka Serikali impe hifadhi ya jamii asiyeweza kujikimu. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza kwa maandishi, kwa Kiswahili chako hiki, wakujibu ndani ya siku 21. Kama kuandika kunakupa taabu, afisa wa habari anawajibika kukusaidia. Taja nambari ya kitambulisho na mwezi wa mwisho uliolipwa, kisha uliza: mwanangu bado yumo kwenye orodha? Malipo yamekwama wapi? Nimeona mtu akingoja mwaka mzima akilaumu bajeti, kumbe kilichokwama ni kitambulisho cha mlezi. Enda na nakala mbili, yako igongwe muhuri. Wakinyamaza, hiyo yenye muhuri ipeleke kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za serikali, hulipi kitu.

Vile vitambaa vya kanga, vibadilishe mara tu vinapolowa, na mgeuze mtoto asilalie upande mmoja. Kila jioni mpapase makalio, nyonga na visigino. Ukigusa mahali penye joto au pagumu kuliko ngozi ya pembeni, usingoje kidonda kifunguke. Mpeleke siku hiyo hiyo.