Je, samaki pundamilia anaweza kuchukua nafasi ya panya kupima usalama wa dawa za asili?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili Morogoro. Natafiti dondoo ya majani ya muarobaini iliyotolewa kwa ethanoli, na nilipanga kupima sumu yake kwa panya weupe, lakini bajeti haitoshi. Msimamizi wangu amependekeza viinitete vya samaki pundamilia. Je, matokeo yake yatakubalika? Na nitapataje dozi ya kumpa binadamu?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amekushauri vizuri. Matokeo yatakubalika ukiyafanya kwa utaratibu, ila swali la dozi samaki huyu hatakujibu, na nitakueleza kwa nini.

Tunamzungumzia Danio rerio, samaki wa vijito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal, si samaki wa jenasi iitwayo Pundamilia wanaoishi Ziwa Victoria. Miaka ya 1970, George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alianza kumtumia kuchunguza jeni. Jenomu yake, yaani jumla ya taarifa zake za urithi, iliyochapishwa 2013, ilionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nazo kwa samaki huyu. Kwa kazi yako kuna jambo la manufaa zaidi: mayai hurutubishwa nje ya mwili, na kiinitete kinapitisha mwanga. Baada ya siku moja hivi moyo unaanza kupiga, nawe unautazama kwa hadubini bila kupasua chochote. Siku hizo za mwanzo oksijeni huingia mwilini moja kwa moja kutoka majini, kwa hiyo hata dawa ikiuharibu moyo, kiinitete hakifi papo hapo. Unapata muda wa kuona kilichoharibika na kilianzia wapi. Kwa mimba ya panya huwezi kuona hayo.

Fuata Mwongozo namba 236 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), uliopitishwa 2013. Unataka viwango vitano vya dawa, viinitete 20 kwa kila kiwango, maji ya nyuzi 26 za Selsiasi, kwa saa 96. Kila siku unaangalia dalili nne: yai limeganda, pingili za mwili hazijatokea, mkia haujabanduka kwenye kiini cha yai, moyo haupigi. Ukiona hata moja, kiinitete hicho kihesabu kuwa kimekufa. Katika kundi la maji matupu, asilimia 90 au zaidi lazima wabaki hai. Pawepo pia kundi la 3,4-dikloroanilini, kemikali inayojulikana kuwa sumu, miligramu 4 kwa lita, ambamo angalau asilimia 30 lazima wafe. Usiliache kundi hili ili kubana matumizi. Bila hilo, viinitete vyako vikipona vyote hutajua kama dondoo ni salama au jaribio lenyewe haliwezi kuitambua sumu.

Dondoo za mimea zina mitego yake. Tanini na asidi hushusha pH (kipimo cha uasidi), na kiinitete kinaweza kufa kwa uchachu wa maji huku wewe ukilaumu muarobaini. Pima pH ya kila kiwango na uirekebishe kabla ya kuanza. Sukari iliyomo hulisha bakteria, nao humaliza oksijeni, kwa hiyo badilisha maji kila baada ya saa 24. Ethanoli ivukize yote. Ukilazimika kutumia kiyeyushi, kisizidi mikrolita 100 kwa lita, na kiwe na kundi lake la kulinganishia.

Mtego mkubwa zaidi ni dawa kutoingia mwilini. Mwaka 2003 watafiti wa Boston walichapisha jaribio la dawa 100 kwa viinitete hivi. Ndani yake zilikuwamo dawa 23 zinazojulikana kuvuruga mwendo wa umeme wa moyo wa binadamu. Mara ya kwanza 18 zilipunguza mapigo ya moyo wa samaki, 5 zikaonekana hazina neno. Walipozidunga mwilini badala ya kuziweka majini, 4 kati ya hizo 5 nazo zilipunguza mapigo. Kumbe hazikuwa zimefyonzwa. Kwa hiyo ukipata kwamba dondoo yako haikudhuru kitu, andika hivyo hivyo, pamoja na kiwango cha juu ulichopima. Usiandike kwamba ni salama.

Hapo ndipo dozi inapokwama. Wewe utapata miligramu kwa lita ya maji. Mgonjwa hupewa dawa kwa kuzingatia uzito wa mwili. Anainywa, inapita tumboni, kisha kwenye ini lililokomaa, ambalo linaweza kuipunguza makali au kuigeuza kuwa sumu. Kiinitete kinaogelea ndani ya dawa, na ini lake bado linajengeka. Hakuna hesabu ya kuaminika ya kuruka kutoka namba moja hadi nyingine. Samaki atakuonyesha dondoo ipi uiache na kiungo gani ukichunguze. Kisha utapima kwa panya wachache dondoo moja au mbili zilizobaki. Kwa bajeti yako, huo tayari ni msaada mkubwa.

Kuhusu kibali: sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2010 humlinda lava, yaani samaki mchanga aliyeanguliwa, tangu anapoanza kujilisha mwenyewe, kwa kawaida siku ya tano hivi, na saa 96 zinaishia kabla ya hapo. Hata hivyo, peleka andiko lako kwenye kamati ya maadili ya chuo kabla ya kuagiza samaki, kwa sababu wazazi wanaotaga mayai hayo ni wanyama wa maabara kamili.