Re: Wazee wa NASCAR wanalalamikia nini?
Mkuu, kubwa linalowaudhi mashabiki wa zamani wa NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, ni gari la muundo mpya lililoletwa 2022. Zamani timu zilikuwa zinachomelea chesisi (fremu ya gari) zenyewe, fundi mjanja anajitafutia spidi humohumo gereji, saa hizi chesisi na vipuri kibao vinanunuliwa kwa wauzaji walewale kwa hiyo ujanja umebanwa sana. Hata tairi, ilikuwa nati tano, unasikia bunduki ya upepo ya kufungulia nati inalia trrr mara tano unajua jamaa yuko kazini, sasa nati moja tu katikati, imeisha hiyo. Halafu tangu 2017 kila mbio zinakatwa vipande vipande, wanaviita "stage", mi hiyo ndo inaniudhi kuliko gari lenyewe aisee. Ila North Wilkesboro, ule uwanja wa mbio wa zamani waliyoutelekeza baada ya 1996 wakaurudisha 2023, hapo walicheza kama Pele.