Usikifungue hicho cha kwanza mpaka cha tano kiwe ndani ya nyumba

Mdogo wangu wa Malindi, kiweke chini hicho kitabu kwanza.

Umesema umepata vitabu vitatu vya Karen Marie Moning, mfululizo wake wa Fever, kwa mtu anayeuza vitu vilivyoachwa na wageni hotelini, naye amekuhakikishia hadithi imekamilika. Umeuliza usome kwa utaratibu gani, wasomaji wengine walivipokeaje, Kiingereza chake ni kigumu kiasi gani, na kama mtu anayelala peke yake anaweza kuvisoma usiku. Waliotangulia kukujibu wote wamekwambia "anza tu leo, utapenda." Nimeyasoma majibu yale nikashindwa kumaliza chai.

Usianze leo. Ni vitano, si vitatu. Darkfever kilitoka 2006, Bloodfever 2007, Faefever 2008, Dreamfever Agosti 2009, na Shadowfever Januari 2011. Baadaye mwandishi aliongeza vingine, lakini kisa cha Mac, yule msichana anayetoka jimbo la Georgia, Marekani, kwenda Dublin, Ireland, kumtafuta aliyemuua dada yake Alina, kinafungwa katika cha tano. Wewe unavyo vitatu vya mwanzo. Hivyo hivyo nilivyokuwa navyo mimi, na aliyeniuzia aliniambia maneno hayo hayo.

Mimi nauza leso hapa Lamu, Langoni. Mwaka 2009, kabla ya mvua za masika, nilikwenda Mombasa kuchukua bidhaa nikapita kwa muuza vitabu vya mtumba. Napenda sana hadithi za namna hii, mji wa kisasa wenye taa na maduka, na viumbe wa giza wakipita katikati ya watu wasiowaona. Sisi wa mwambao hatuhitaji kuelezwa mara mbili, kila mtaa una nyumba isiyopangishwa na kila mtu anajua kwa nini. Nikaviona vile vitatu vimefungwa kwa uzi. Nikamuuliza yule bwana, hadithi inaishia hapa? Akaniambia, "Mama, ni seti kamili, nimevisoma mwenyewe, mwisho wake mtamu." Wallahi hakuwa amevisoma. Aliyekisoma Faefever hawezi kusema mwisho wake mtamu.

Huyo mtu sijamsamehe. Leso, mdogo wangu, huuzwa doti. Mteja akija kwangu simpi kipande kimoja nikamwambia ni doti nzima, kwa sababu atafika nyumbani, atajifunga kiunoni, atatafuta cha kujitanda, hana. Nikifanya hivyo mara moja mji mzima utajua kabla ya adhuhuri. Lakini muuza vitabu anakukatia hadithi katikati, anapokea pesa, na ukirudi anakushangaa kama wewe ndiye mwenye kosa. Nilirudi kwake. Alinijibu kwamba hadithi ni hadithi tu, nijimalizie mwenyewe kichwani.

Sasa nikueleze huo mwisho wa cha tatu ulivyo, bila kukuharibia. Mac ndiye anayesimulia, na anasimulia jambo lililokwisha kupita. Kwa hiyo tangu ukurasa wa kwanza unajua hafi. Hofu ya vitabu hivi haiko hapo. Hofu ni kwamba yule binti wa kurasa za mwanzo, mwenye nguo za waridi na kucha zilizopakwa rangi, anageuka kidogo kidogo, na hujui atakayebaki mwisho ni nani. Mwandishi anakuzoesha sauti yake vitabu vitatu vizima, halafu usiku wa Halloween, ule wa mizimu wa Wazungu, mambo ya Dublin yanaharibika yote kwa pamoja, na Mac anatendewa jambo zito mno, la mwanamke kudhulumiwa mwili wake. Lazima nikwambie hilo, kwa sababu wapo wasomaji wengi waliokiweka kitabu hapo na hawakurudi tena, na siwalaumu. Hapo hapo, kabla hujajua kama sauti ile itarudi, kitabu kinakwisha. Shuleni walitufundisha neno taharuki. Ile haikuwa taharuki ya shuleni. Ni jeraha limeachwa wazi na daktari ametoka chumbani.

Nilikimaliza saa nane ya usiku. Nilifungua jalada la nyuma nikatafuta kurasa zilizonatana. Nikaamka asubuhi nikafungua duka nikiwa na hasira na watu wasiohusika.

Kosa langu kubwa ndilo hili linalofuata, na ndilo lililonifanya nikuandikie leo.

Nilikwenda saiba nikakuta kwamba cha nne kinatoka Marekani mwezi wa Agosti. Nikampigia binamu yangu aliyeko Uingereza, nikamsihi. Akakinunua, akampa mtu anayekuja Mombasa kwa Idi. Ramadhani mwaka ule iliangukia mwishoni mwa Agosti, Idi ikawa baada ya tarehe 20 Septemba kuingia. Mwenye bahasha akafika Mombasa katika kumi la mwisho. Akanipigia: kitu chako ninacho, lakini mimi Lamu sifiki.

Mwenye duka la nguo yeyote anajua kumi la mwisho ni nini. Mwezi mzima watu hupita wakishika vitambaa na kuuliza bei, na katika siku zile kumi ndipo wanaponunua. Ndizo siku zinazobeba miezi mitatu ya ukimya. Nami nilifunga duka siku nne. Nilivuka kwa mashua hadi Mokowe, nikapanda basi alfajiri, Witu, Garsen, Malindi kwenu hapo, hadi Mombasa. Barabara siku hizo ilikuwa vumbi na mashimo mpaka Garsen, nami nimefunga. Nilimwambia mume wangu naenda kuongeza mzigo. Niliongeza kweli, doti chache, ili maneno yangu yasiwe uongo mtupu.

Nilipokuwa njiani, alikuja dukani mama mmoja ambaye nilimhudumia kwa miaka. Binti wa ndugu yake alikuwa anaolewa baada ya Idi, na walitaka doti 60 za sare. Alikuta mlango umefungwa. Akarudi kesho yake, umefungwa. Siku ya tatu akaingia duka la jirani, akapata alichotaka, na tangu siku ile familia nzima ni wateja wa jirani. Sikumlaumu na simlaumu leo, harusi haingoji. Lakini faida ya doti zile 60 ndiyo niliyokuwa nimeitengea ada ya mwanangu ya muhula wa tatu. Ilibidi nimwendee mwalimu wake, nisimame mbele yake na kumwomba muda. Mwalimu alikuwa mwungwana, hakuniuliza sababu. Laiti angeniuliza, sijui ningemjibuje.

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba safari yenyewe haikuwa na haja. Makondakta wa mabasi hubeba bahasha kila siku. Ningempigia mmoja simu, ningempa kitu chake, kitabu kingefika Mokowe jioni ya siku ya pili nami niko dukani napima vitambaa. Sikuwaza hilo hata kidogo. Mwisho wa kitabu cha tatu ulikuwa umenikamata, nikawa siwezi kungoja siku mbili.

Nilikisoma ndani ya basi nikirudi, kitabu kinaruka mikononi. Nilikimaliza usiku wa Idi pili. Na cha nne nacho, mdogo wangu, kinakuacha hewani. Ukurasa wa mwisho unakupiga kofi, kisha kimya. Cha tano hakikutoka mpaka Januari 2011. Miezi 16.

Umeuliza wasomaji walivipokeaje. Katika miezi ile 16 nilisoma maoni yao mengi kuliko nilivyosoma vitabu, kwa hiyo hili nalijua. Walikuwepo wenye hasira, wanaosema mwandishi anayekata hadithi hivyo anawatoza watu mara mbili kwa kitu kimoja. Walikuwepo walioona raha katika kungoja, wanaandika kurasa na kurasa za kubashiri Barrons, yule mwenye duka la vitabu anayemsaidia Mac, ni kiumbe gani na nani alimuua Alina, wanarudi vitabu vya nyuma kutafuta dalili, na wengine waliona mambo ambayo mimi sikuyaona katika kusoma mara tatu. Walikuwepo walioacha kwa ajili ya lile jambo la cha tatu. Halafu kuna kundi la nne, ambalo lilinifungua macho: waliovikuta baada ya 2011, wakavisoma vitano mfululizo. Hao wanashangaa kelele zote zilikuwa za nini. Kwao mwisho wa Faefever ni kufunga jalada moja na kufunua jingine. Wamesoma maneno yale yale niliyosoma mimi, na hakuna aliyefunga duka.

Kwa hiyo waliokwambia "anza tu leo" nawauliza, mlivisoma mwaka gani? Kama mlivikuta vitano vyote mezani, mnamshauri vipi mtu mwenye vitatu? Mnamsifia bahari mtu ambaye mashua yake haina tanga. Nimewakasirikia hawa karibu sawa na yule muuzaji, kwa sababu yule alitaka pesa, lakini ninyi mnajua njia inapokatika na hamkumwambia.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituhadithia usiku barazani. Paukwa, pakawa, na hadithi inakwenda mpaka jini lishike mlango, halafu anasema mafuta ya taa yanakwisha, kalaleni. Tulilia. Lakini kesho baada ya Isha bibi alikuwa pale pale na mkeka wake. Hata Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela alipomkatia mfalme alfajiri, usiku uliofuata alikuwepo. Mkato wa namna hiyo ni mtamu kwa sababu una kesho. Msimuliaji akikukatia kisha akaondoka mwaka na nusu, utamu wote unageuka adha.

Utaniambia siku hizi kitabu kinaingia kwenye simu kwa dakika moja. Kweli, na kama ungeniambia unasoma kwenye simu nisingeandika haya yote. Lakini kitabu kisichoandikwa hakiingii kwenye simu. Waulize wanaofuata The Dresden Files za Jim Butcher, hadithi za mchawi wa Chicago. Changes kilitoka Aprili 2010 na mwisho wake ukawaacha watu vinywa wazi hadi kinachofuata kilipotoka Julai 2011. Kisha Skin Game kikatoka 2014, na kilichofuata, Peace Talks, kikatoka 2020. Miaka sita. Na hicho nacho hakikumaliza jambo lililoanzishwa humo, kilikuja kumaliziwa na Battle Ground Septemba ya mwaka ule ule. Wapo walioanza wakiwa wanafunzi, wakafika hapo wana watoto shuleni.

Mimi tangu 2011 sijafungua kitabu cha kwanza cha mfululizo wowote wa giza mpaka nione cha mwisho kwa macho yangu, kiko ndani ya nyumba. Si "kipo Nairobi", si "shangazi ataleta", si "nimeagiza". Ndani ya nyumba, na nimefungua ukurasa wa mwisho kwa kidole kimoja kuhakikisha hauna maneno ya "itaendelea". Nimepitwa na hadithi nyingi nzuri kwa sababu hiyo, nami niko radhi.

Hivyo vitatu vyako vifungue kwanza uone lugha, maana Malindi vitabu vingi vya wageni ni vya Kiitaliano na muuzaji hakwambii. Vikiwa ni Kiingereza, vifunge kwa uzi uvipandishe juu ya kabati. Cha nne na cha tano ninavyo mimi, vimechakaa kidogo lakini kurasa zote zimo, na cha nne kina doa la chai ukurasa wa katikati. Niambie siku, nitampa kondakta wa basi la asubuhi bahasha. Itakuwa stendi ya Malindi mchana. Usije Lamu kwa ajili yake.