Shupaza tano, kopa tano, na mpinzani ameshafungua mnada

Karata nilizoshika usiku ule nazikumbuka mpaka leo. Shupaza zilikuwa ree, mfalme, ghulamu, 9 na 4. Kopa zilikuwa ree, malkia, ghulamu, 10 na 5. Uru ilikuwa 7 peke yake, na pao zilikuwa mfalme na 3. Kwa hesabu ya kawaida ya briji, ambamo ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, nilikuwa na pointi 18 kati ya 40 zilizomo katika karata zote. Mpinzani wa kulia kwangu alifungua mnada, yaani zamu za kuahidi idadi ya mizunguko juu ya sita na aina itakayokuwa turufu, kwa 1 ya uru. Nami, kwa kuvutwa na wingi wa pointi, nikapiga dabo, kauli ya kumwomba mwenzangu ataje aina yake, nikiwa na nia ya kutaja shupaza katika zamu ya pili na kopa katika zamu ya tatu.

Zamu ya tatu sikuipata. Mpinzani wa kushoto aliruka hadi 4 za uru, mwenzangu akapiga pasi, aliyefungua naye akapiga pasi, nami nikalazimika kuchagua aina moja kati ya mbili ilhali sijataja hata moja. Nilitaja 4 za shupaza. Mwenzangu alikuwa na shupaza moja tu, lakini alikuwa na kopa nne zikiongozwa na mfalme. Tulipungukiwa mizunguko miwili, na kwa turufu ya kopa, karata zilezile zingetimiza mkataba, yaani ahadi ya mwisho ya mnada, bila taabu.

Tangu hapo nimeshikilia jambo moja: mwenye aina mbili ndefu aonyeshe zote mbili kwa kauli moja, na nguvu zake azieleze baadaye. Dabo humwambia mwenzako kwamba unaweza kuvumilia aina yoyote ambayo haijatajwa, na mimi nilikuwa na pao mbili tu. Njia ya kusema ukweli ilikuwepo, nayo ni kutaja aina ya mpinzani mwenyewe, yaani 2 za uru, kauli inayoitwa Michaels kwa jina la Mike Michaels wa Marekani. Mpinzani akifungua kwa pao au uru, kauli hiyo huahidi shupaza tano na kopa tano. Akifungua kwa kopa au shupaza, huahidi ile nyingine kati ya hizo mbili pamoja na aina mojawapo ya chini, yaani pao au uru, na mwenzako akitaka kujua ni ipi hukuuliza kwa 2 bila turufu. Wewe ukiruka moja kwa moja hadi 2 bila turufu, unaonyesha aina mbili za chini kabisa kati ya zilizobaki.

Lau ningetaja 2 za uru usiku ule, mwenzangu angekuwa na sababu ya kutaja 4 za kopa hata baada ya mruko wa mpinzani. Na kama angenyamaza, dabo yangu katika zamu ya pili ingemwambia kwamba nina nguvu, achague yeye.

Swali linalozua mabishano ni la kiasi cha nguvu. Mimi hutumia kauli hii nikiwa dhaifu au nikiwa na nguvu nyingi, si katikati. Nikiwa na pointi 12 hadi 15, hutaja shupaza kwanza kisha kopa nikipata nafasi, kwa sababu mwenzangu hawezi kunipima nikiwa katikati. Mwenye nguvu hujitambulisha kwa kusema tena: mwenzako akijibu 2 za kopa, dhaifu hupiga pasi, na wewe unayezipandisha hadi 3 umeshaeleza kwamba una mengi. Hapo nisingehesabu pointi peke yake. Mfalme aliye peke yake katika aina ya mpinzani ana thamani ndogo mno, na 10 iliyo chini ya malkia na ghulamu katika aina yako ndefu hufanya kazi kubwa. Katika karata zile nilizozitaja nilihesabu hasara nne tu, yaani mizunguko ninayoweza kupoteza, moja katika kila aina.

Kauli hii huahidi tano kwa tano, nami nawasihi wanaoanza wasiitumie kwa sita kwa nne. Ukiwa na kopa sita, shupaza nne na pointi 17 au zaidi, dabo inafaa, kwa kuwa mwenzako akijibu shupaza utafurahi, na akijibu kingine bado utataja kopa.

Mpinzani akifungua kwa 2 za kopa au 2 za shupaza zilizo dhaifu, yaani aina ndefu yenye pointi chache, mambo hubadilika, kwani amekwisha kukula nafasi. Sisi hukubaliana mapema kwamba kuruka hadi 4 za pao au 4 za uru ni aina hiyo iliyotajwa pamoja na kopa au shupaza ambayo mpinzani hakuifungua, tano kwa tano, na daima kwa nguvu. Toleo dhaifu halipo hapo. Muulize mwenzako kabla karata hazijagawiwa kama kwake pia kauli hiyo haipigiwi pasi, na mweleze mpinzani akiuliza, kwa sababu sheria za mchezo haziruhusu makubaliano ya siri.