Ukingo wa gitaa unavunjikia kiunoni: nitumie mbao gani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Natengeneza gitaa kwa mkono na nataka kulizungushia ukingo wa mpingo, vipande vya milimita 2 kwa 6. Vitatu vimeshavunjika, vyote palepale kwenye kiuno. Kuna mbao inayopinda kirahisi zaidi?

JIBU: Njema, fundi mwenzangu. Ipo. Mjozi hupinda bila ubishi, na rosewudi pia, maana utomvu wake hulegea ukipata moto. Mepli iliyonyooka haina shida. Ile yenye mawimbi, nzuri kweli kwa macho, hupenda kukatika kwenye wimbi.

Mpingo ni mgumu kuliko zote hizo, lakini usiutupe bado. Okota kimoja cha vile vipande ukitazame pale kilipovunjikia. Ukiona mshazari mfupi uliokata kutoka uso mmoja hadi wa pili, nyuzi za mbao zilikuwa zinatoka nje ya kipande, na hapo hata mjozi ungevunjika. Ukiona vibanzi virefu vyenye ncha, nyuzi zilikuwa sawa. Lawama ni ya joto au unene. Kwangu mimi, kunyooka kwa nyuzi kunatangulia jina la mti. Kabla ya kuchana ubao, pasua ncha yake kwa patasi, kisha msumeno ufuate mstari wa mpasuko, hata kama mbao kidogo itapotea. Na ukipata iliyokaushwa kwa hewa, ichague kuliko ya tanuri.

Halafu unene. Milimita 2 za mpingo ni nyingi kwa kona ya kiuno. Piga randa hadi 1.5: ukaidi wa kipande unashuka chini ya nusu.

Kinacholainisha mbao ni moto. Maji husaidia kupeleka joto ndani na kuzuia kuungua. Kwa hiyo mpingo usiuloweke usiku kucha, ulowanishe tu. Bomba la chuma unalopindia mbao liwe na moto wa kurusha tone la maji. Weka ukanda mwembamba wa chuma upande wa nje, ule unaovutika, uanze na kiuno, na usisukume mpaka uusikie mti ukilegea mkononi.

Mpingo na rosewudi zina mafuta, hivyo zifute kwa asetoni muda mfupi kabla ya gundi. Gitaa litakula vipande vinne. Wewe chana sita, vyote kutoka ubao mmoja ili rangi zifanane.