Kwa Karani Mgeni: Panga Mwezi Kabla ya Kupanga Siku

Wewe uliyeajiriwa juzi kuwa karani wa uhasibu hapa Kisumu, bila shaka umeambiwa kwamba kazi huanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni. Ni kweli, ila maelezo hayo hayatakusaidia sana kupanga wakati, kwa sababu kazi yetu huongozwa na tarehe kuliko saa. Kufikia tarehe 9, kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya mwezi uliopita iwe imefika KRA, yaani mamlaka ya ushuru ya Kenya, nayo michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na ya bima ya afya ya SHA iwe imelipwa. Kufikia tarehe 20 ni zamu ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Tarehe hizo zikiangukia wikendi au sikukuu, mwisho huwa siku ya kazi inayotangulia, jambo ambalo wageni wengi hulitambua Jumatatu.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilizichukulia siku zote kuwa sawa. Nilifungua faili za mishahara tarehe 8, nikakuta majina mawili hayana PIN, yaani namba ya mlipa kodi, na iTax, mfumo wa KRA wa kodi mtandaoni ambao siku hizo huzidiwa na watu kama mimi, ukawa unajivuta hadi usiku wa manane. Wiki iyo hiyo tulikuwa na mazishi ya mjomba wangu Vihiga. Nilifika kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, na mama hakuniuliza neno, jambo lililoniuma kuliko kama angenigombeza.

Tangu hapo nimejifunza kuugawa mwezi. Mabadiliko ya mishahara nayafunga tarehe 25, na anayeleta fomu ya saa za ziada baada ya hapo husubiri mwezi unaofuata, hata akiwa rafiki. Ankara nazikusanya kila Ijumaa, maana kumtafuta mwenye duka aliyesahau kutoa risiti wiki tatu zilizopita ni kazi ya kutwa nzima. Vitabu navilinganisha na taarifa ya benki kila wiki. Kosa la shilingi mia mbili la juzi hupatikana upesi, lakini la mwezi jana hukulaza ofisini.

Mapumziko nayo yaandike katika kalenda hiyohiyo, tena mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa likizo ya siku 21 za kazi, kwa uchache, kwa kila miezi 12 ya utumishi, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Wengi wetu huzijua haki hizi na bado huomba ruhusa tarehe 7, kisha hulalamika kwamba bosi ni mkali. Omba siku zinazofuata tarehe 20, lakini kabla ya tarehe 25, na uombe mwezi mmoja kabla. Mimi sijakataliwa hata mara moja nilipofanya hivyo.

Mazishi hayangoji kalenda, nayo kwetu aghalabu huwa Ijumaa au Jumamosi. Kwa hiyo mfundishe mwenzako wa meza ya pili namna ya kuwasilisha ripoti ya mishahara, nawe ujifunze kazi yake, na mfanye hivyo kati ya tarehe 10 na 15, wakati simu za ofisini zimetulia.